Mja mzito na mazoezi: Nani alisema alale tu?

Mwanamke mja mzito akionekana akitembea kwa kasi asubuhi mtaani Milimani au Section 58, jijini Nakuru, hakosi jirani wa kumwuliza kama anataka kuharibu mimba. Lakini mama huyo huyo akipandisha mtungi wa maji wa lita 20 hadi orofa ya tatu, hakuna anayemkemea. Hiyo ni kazi ya nyumba, wanasema.

Hofu hiyo haina msingi. Mimba nyingi zinazotoka katika miezi mitatu ya kwanza hutokana na kasoro za kromosomu za mtoto, wala si matembezi ya mama. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa 2020, linawashauri waja wazito wasio na matatizo wafanye mazoezi ya wastani kwa jumla ya dakika 150 kwa wiki. Mazoezi hayo hupunguza uwezekano wa kupata kisukari cha mimba na shinikizo la damu, maradhi yanayoweza kuhatarisha maisha ya mama na mtoto.

Wastani ni mwendo unaokufanya upumue haraka lakini bado uweze kuzungumza na mwenzako. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza.

Mtungi ni jambo jingine. Mimba inapokua, viungo hulegea na tumbo huvuta mwili mbele, kwa hivyo ni rahisi kuanguka au kuumia mgongo. Huo mzigo aubebe baba. Naye anayeshinda amesimama akifungasha maua kule Naivasha anahitaji kiti kwanza, wala asiambiwe kwamba kazi yake ni mazoezi tosha.

Kaunti hii ina mfano wake. Faith Kipyegon, wa kule Keringet, alijifungua binti Juni 2018. Mwaka uliofuata alipata nishani ya fedha ya mita 1,500 mashindano ya dunia Doha, kisha akatwaa dhahabu ya Olimpiki Tokyo mwaka 2021 na Paris 2024. Hata hivyo, usianze kukimbia kwa sababu yake; mwili wake umezoea. Asiyezoea aanze na dakika 10 za kutembea, aongeze polepole. Na mgeni kutoka Mombasa anayezuru Molo, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, apumzike kwanza hadi azoee hewa ya huko.

Baada ya miezi mitatu ya kwanza, epuka mazoezi ya kulala chali. Kunywa maji, na usifanye mazoezi jua likiwa kali.

Aliye na shinikizo la damu, upungufu mkubwa wa damu au kondo lililoziba njia ya uzazi asianze kabla ya kumwona daktari. Ukitokwa na damu au maji ukeni, ukihisi kizunguzungu, maumivu ya kifua au tumbo kukaza kwa uchungu, acha mara moja na uende hospitalini siku hiyo hiyo, hata kama kliniki yako ni wiki ijayo.