Tonge Linapokataa Kushuka

Kula si kushiba tu. Ni kukaa sinia moja na wenzako. Asiyeweza kumeza hupoteza yote mawili: mwili hukonda, naye hujitenga kwa haya ya kukohoa na kutema mbele ya watu. Karamu huzikwepa, nyumbani husingizia kwamba amekwisha kula.

Katika Afrika Mashariki, sababu mojawapo kubwa ya shida hii ni saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Kwanza hukwama nyama na ugali, baadaye uji, mwisho hata maji. Wengi huteremsha tonge kwa maji miezi mingi, wakafika hospitali wamechelewa. Hata hapo, madaktari waweza kutia kibomba cha waya kinachopanua umio, mgonjwa akameza tena.

Mwaka 2016, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilieleza kwamba yaelekea vinywaji vyenye moto unaozidi nyuzi 65 husababisha saratani hiyo. Basi chai na ipoe kidogo, na tuepukane na tumbaku na pombe. Nawe ukimwona mzazi wako akisukuma kila tonge kwa maji, usingoje: mpeleke hospitali.