Faili Halihami

Ukiazima kitabu maktaba, rafuni panabaki pengo. Mwingine akikitaka, atasubiri mpaka ukirudishe. Sheria ya hakimiliki ya Marekani inalitegemea pengo hilo: aliyenunua nakala ya karatasi yuko huru kuiuza, kuigawa au kuiazimisha, bila kumwomba mchapishaji ruhusa.

Kompyuta haiachi pengo. Unapomtumia mtu faili, mashine yako hulisoma biti kwa biti, na mashine yake huandika biti zilezile upya kwenye diski yake. La kwanza linabaki palepale.

Kampuni ya ReDigi ilijaribu kulikwepa jambo hili kwa ufundi ambao hadi leo ninauvulia kofia. Ilifungua soko la mtumba la nyimbo zilizonunuliwa iTunes. Programu yake iliukata wimbo vipande vidogo vidogo, ikatuma kimoja huku ikikifuta kwa muuzaji, ndipo ikashika kinachofuata, ili wimbo mzima usiwe mahali pawili hata kwa sekunde moja. Mwaka 2018 mahakama ya rufaa iliyoko New York iliikatalia: kilichoandikwa kwenye seva ya ReDigi ni nakala mpya, hata kama ya zamani ilifutwa njiani.

Miaka sita baadaye mahakama hiyohiyo iliamua kesi nzito zaidi, ya Internet Archive, shirika lisilo la kibiashara lililoanzishwa na Brewster Kahle mwaka 1996, lenye makao San Francisco. Vitabu vyake huskaniwa kwa mkono wa mtu. Kitabu hulazwa wazi kwenye kitako chenye umbo la V, kioo kinashuka kunyoosha kurasa, kamera mbili zinapiga picha, kila moja upande wake. Mfanyakazi anakanyaga pedali, kioo kinapanda, anafunua ukurasa kwa kidole, kioo kinashuka tena. Kwa kila nakala ya karatasi iliyowekwa ghalani, msomaji mmoja aliazimishwa faili lenye kufuli, lisilofunguka tena muda ukiisha.

Machi 2020, corona ilipofunga maktaba, shirika liliondoa foleni, na watu wengi wakaweza kuazima kitabu kimoja kwa wakati mmoja. Nia ilikuwa njema, lakini naona walikosea: waliacha kanuni ileile iliyokuwa ngao yao. Juni mwaka huo wachapishaji Hachette, HarperCollins, Wiley na Penguin Random House walifungua kesi, wakitaja vitabu 127. Jaji John Koeltl aliwapa ushindi Machi 2023, na Septemba 2024 mahakama ya rufaa ikakubaliana naye: hata kuazimisha nakala moja kwa mtu mmoja kunachukua nafasi ya vitabu vya kielektroniki ambavyo wachapishaji hutolea leseni. Shirika halikwenda Mahakama ya Juu. Vitabu zaidi ya 500,000 viliondolewa kwenye huduma ya kuazimisha.

Waandishi wana haki ya kulalamika, maana kalamu ndiyo inayowalisha. Majaji nao waliisoma sheria kama ilivyoandikwa. Kinachoniuma ni hali ambayo maktaba zimeachwa nayo: vitabu vya kielektroniki hazivimiliki, zinavipanga. Mwaka 2011 HarperCollins iliamua kwamba kitabu chake cha kielektroniki kikishaazimwa mara 26, maktaba inunue leseni upya. Faili halichakai, aliyeamua kwamba limechakaa ni muuzaji.

Bunge la Marekani lina uwezo wa kurekebisha hili. Liiruhusu maktaba iliyolipa imiliki faili moja kwa moja, iliazimishe kwa msomaji mmoja mmoja chini ya kufuli, na mwandishi apate chake kila linapoazimwa. Malipo ya namna hiyo si ndoto. Mwaka 1979 Uingereza ilipitisha sheria ya kuwalipa waandishi kutoka hazina ya serikali vitabu vyao vinapoazimwa maktaba za umma, na mwaka 2018 ikaingiza humo vitabu vya kielektroniki.