Sepsisi na Moyo: Tuwahi Matibabu, Tusikate Tamaa

Tunapowatembelea wagonjwa wodini, ndugu zao hutuuliza mara nyingi: mgonjwa wetu alilazwa kwa homa ya mapafu, imekuwaje sasa daktari anasema moyo umedhoofika? Swali hili linastahili jibu, kwa maana asiyeelewa huchelewa kutenda, au hukata tamaa mapema.

Mwaka 2016 jopo la wataalamu wa kimataifa liliieleza sepsisi kuwa ni hali inayohatarisha uhai, ambapo mwili, katika kupambana na maambukizi, hupoteza mpangilio na kuvidhuru viungo vyake wenyewe. Chanzo chaweza kuwa nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo, kidonda, au maambukizi ya mfuko wa uzazi baada ya kujifungua. Kwa mwaka 2017 pekee, watafiti walikadiria wagonjwa milioni 48.9 na vifo milioni 11 duniani.

Moyo nao huguswa. Hapa mishipa ya moyo haikuziba, kama ilivyo katika shambulio la moyo. Kemikali zinazozalishwa katika mapambano hayo huenea ndani ya damu na kuulegeza msuli wa moyo, huku chembe zake zikishindwa kuzalisha nishati ipasavyo. Wakati huohuo mishipa ya damu hutanuka, shinikizo la damu hushuka, na viungo hukosa damu ya kutosha.

Hata hivyo, lipo neno la matumaini. Mwaka 1984 madaktari wa Marekani walionesha kwamba, miongoni mwa wagonjwa walionusurika, moyo uliotanuka na kupungukiwa nguvu ulirejea katika hali yake ndani ya siku 7 hadi 10. Basi, kuambiwa kwamba moyo umedhoofika si sawa na kuambiwa kwamba mambo yamekwisha.

Hadi sasa hakuna dawa maalumu ya kuuponya moyo uliodhurika hivi. Tiba ya kwanza ni kuondoa chanzo: antibiotiki zitolewe mapema, ikiwezekana ndani ya saa moja kwa mgonjwa ambaye shinikizo limeshuka vibaya, na usaha utolewe ulipo. Kisha hufuata maji ya dripu kwa kipimo, na noradrenalini ya kupandisha shinikizo. Moyo ukiendelea kulegea, daktari aweza kuongeza dobutamini. Dawa nyingine, levosimendani, ilijaribiwa Uingereza kwa wagonjwa 516. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2016 hayakuonesha faida iliyotarajiwa.

Kuhusu dripu, Afrika Mashariki imeufundisha ulimwengu. Utafiti uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu, uliotangazwa mwaka 2011, ulionesha kuwa kuwapa maji mengi kwa haraka kuliongeza vifo. Kwa hiyo tusimshinikize mhudumu aongeze chupa kwa kudhani kwamba wingi ndio uponyaji.

Wajibu wetu ni kuzitambua dalili: mwenye maambukizi anapopumua kwa haraka, moyo ukienda mbio, akichanganyikiwa, mkojo ukipungua, au mwili ukiwa wa baridi na wenye mabaka, apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Asingojee mkesha wa maombi umalizike. Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, kinatuelekeza tumwombe Mungu na pia tumpe daktari nafasi yake, kwa kuwa naye ameumbwa na Bwana. Jumuiya ndogondogo isali njiani na wodini, gari lisicheleweshwe.

Vivyo hivyo, padre asiitwe pumzi ya mwisho inapotoka. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1963, ulifundisha kwamba Mpako wa Wagonjwa si sakramenti ya wale tu walio katika hatua ya mwisho ya maisha. Mgonjwa wa sepsisi anastahili kuupokea mapema, pamoja na dawa, akiwa bado katika mapambano ambayo wengi huyashinda wakitibiwa kwa wakati.