Upanga, mfuko na fimbo: namna Ufaransa Mpya ilivyotawaliwa

Katika somo la historia ya Kanisa tunasikia jina la François de Laval, Askofu wa kwanza wa Québec, ambaye Papa Fransisko alimwandika katika hesabu ya watakatifu mwaka 2014. Tunasikia pia kwamba alishindana mara nyingi na magavana. Lakini kwa nini alishindana nao? Je, walikuwa watu wabaya tu? Hapana. Sababu kubwa ni namna mamlaka yalivyogawanywa katika nchi ile. Tutazame jambo hili polepole, kwani lina mafundisho kwa kila mtu atakayekabidhiwa watu na mali yao.

1. Nchi yenyewe

Wafaransa walijenga mji wa Québec mwaka 1608, kando ya mto Saint-Laurent, katika nchi tunayoiita leo Kanada. Toka mwaka 1627 nchi iliwekwa chini ya kampani ya wafanya biashara. Kampani ilitafuta ngozi za wanyama kuliko kuleta watu, na nchi ikabaki dhaifu. Mwaka 1663 Mfalme Louis XIV aliitwaa mwenyewe. Miaka mitatu baadaye watu walihesabiwa: Wafaransa wote walikuwa 3.215 tu, nao walikaa katikati ya mataifa ya wenyeji yaliyowazidi kwa wingi.

Tusisahau neno moja. Mto ule huganda kuwa barafu wakati wa baridi, na merikebu haziwezi kupita. Barua iliyotumwa Ufaransa kabla ya baridi ilipata jibu mwaka uliofuata. Basi Mfalme alikuwa na shida: atawapa watumishi wake nguvu za kutosha namna gani, bila kumfanya mmoja wao kuwa mfalme mdogo ng'ambo ya bahari?

2. Kazi ya kila mmoja

Jibu lake lilikuwa kuugawa mzigo.

Gavana alishika upanga. Alikuwa mkubwa wa askari, mlinzi wa mipaka, na mjumbe wa Mfalme mbele ya wenyeji na mbele ya Waingereza jirani. Kwa heshima alikuwa wa kwanza.

Intendanti alishika mfuko. Cheo hiki kilikuwapo kwanza katika majimbo ya Ufaransa, na mwaka 1665 Jean Talon alikileta Québec. Kazi zake zilikuwa tatu: hukumu, polisi, na fedha. Neno polisi wakati ule halikumaanisha askari tu, lilimaanisha utaratibu wote wa maisha ya watu: bei ya mkate, soko, njia, hatari ya moto. Tena chakula, nguo na mshahara wa askari vilipita mikononi mwake. Kwa hiyo Gavana aliweza kuamuru vita, lakini hakuweza kufungua ghala.

Askofu alishika fimbo ya mchungaji. Toka mwaka 1663 alikaa katika Baraza Kuu pamoja na Gavana na washauri. Baraza hili lilihukumu kesi kubwa na kuandika sheria za Mfalme katika vitabu vyake.

Kila mwaka Gavana na Intendanti walipaswa kuandika barua moja pamoja kwa waziri. Tena kila mmoja aliandika barua yake peke yake. Unaona akili ya waziri? Alitaka kusikia sauti moja, lakini alitaka pia kila jicho lilinde jicho lingine.

3. Ugomvi wa mipaka

Mgawanyo huu ulionekana mzuri kwenye karatasi. Lakini mambo ya watu hayakatwi kama kitambaa. Tuchukue mfano wa pombe kali. Wafanya biashara waliwapa wenyeji pombe ili wapate ngozi, na pombe iliharibu vijiji. Mwaka 1660 Laval aliwatenga na Kanisa wale walioiuza kwa wenyeji. Kwake lilikuwa jambo la dhambi na la roho za watu. Kwa magavana lilikuwa jambo la biashara na la urafiki na wenyeji: tukiwanyima, watapeleka ngozi zao kwa adui. Je, jambo hili ni la fimbo, ao la upanga, ao la mfuko? Ni la wote watatu. Mwaka 1679 Mfalme aliamua nusu kwa nusu: alikataza kupeleka pombe katika vijiji vya wenyeji, lakini hakuikataza biashara yote.

Hata watu waliopendana waligongana. Gavana wa kwanza wa Mfalme, Augustin de Mézy, alichaguliwa kwa shauri la Laval mwenyewe. Haukupita muda, walishindana juu ya washauri wa Baraza, Gavana akawafukuza baadhi yao. Walipatana tena mwaka 1665, Mézy alipokuwa karibu kufa.

4. Mmoja peke yake, kisha mafahali wawili

Mwaka 1672 alifika Gavana mpya, Frontenac, na mwaka huohuo Talon alirudi Ufaransa. Kwa miaka mitatu hapakuwa na Intendanti. Frontenac alibaki bila mtu wa kumpinga, naye alitawala kama atakavyo. Alimfunga gavana mdogo wa Montréal. Padri mmoja, Fénelon, alipohubiri siku ya Pasaka mwaka 1674 maneno yaliyoonekana kumlaumu Gavana, aliletwa mbele ya Baraza, na mwisho akapelekwa Ufaransa. Mfalme aliona hatari. Mwaka 1675 alimtuma Intendanti mwingine, Duchesneau, na washauri wa Baraza wakateuliwa na Mfalme mwenyewe.

Lakini wahenga wanasema fahali wawili hawakai zizi moja. Gavana alitaka aitwe mkubwa wa Baraza. Intendanti alijibu kwamba kuongoza mashauri ni kazi yake. Vikao vilisimama kwa sababu ya jina tu, na watu wenye kesi wakangoja. Kila mmoja alimwandikia waziri kwamba mwenzake anafanya biashara ya ngozi kwa siri. Mwaka 1682 Mfalme alichoka, akawaita wote wawili warudi.

Tuseme basi kwamba mgawanyo haufai? Tungoje kidogo. Katika ugomvi ule Mfalme alijua habari. Kila kosa la mmoja liliandikwa na mkono wa mwingine.

Tena mgawanyo ulisaidia siku za shida. Mwaka 1685 fedha za mshahara wa askari hazikufika. Intendanti de Meulles alikuwa amekwisha kutumia fedha zake na kukopa kwa wengine. Alikusanya karata za kuchezea, akaandika juu yake thamani na sahihi yake, akawalipa watu kwa karata hizo. Merikebu zilipofika na fedha, alizirudisha na kuzilipa. Waziri hakufurahi, lakini karata zilikubaliwa na watu kwa kuwa walijua mtu gani anadaiwa.

5. Urafiki mbaya kuliko ugomvi

Mwaka 1748 alifika Intendanti wa mwisho, François Bigot, mtu hodari wa kazi na mpenda anasa. Yeye pamoja na rafiki zake walifanya ushirika wa biashara. Kama mtumishi wa Mfalme, Bigot alinunua vitu. Kama mfanya biashara, aliviuza yeye mwenyewe. Mkono mmoja ulimlipa mkono wa pili.

Mwaka 1755 Gavana alikuwa Vaudreuil, mzaliwa wa nchi ile. Yeye alishindana na Jenerali Montcalm juu ya vita, lakini mfuko wa Bigot hakuuchungua kwa ukali. Jicho lililowekwa kulinda lilitazama pengine. Vita vikaja, bei zikapanda, na katika baridi ya mwaka 1757 watu wa Québec walipunguziwa mkate na kupewa nyama ya farasi, huku mezani mwa Intendanti karamu na kamari viliendelea.

Québec ilianguka mwaka 1759, Montréal mwaka 1760. Bigot alihukumiwa Paris mwaka 1763: alifukuzwa Ufaransa maisha yake yote na kuamriwa kurudisha livre 1.500.000. Vaudreuil naye alifungwa Bastille, lakini hukumu ilimwachilia. Ni kweli kwamba serkali ilipenda kumtwika Bigot lawama yote ya kushindwa, na wenye makosa walikuwa wengi. Hata hivyo, aliyelipa zaidi ni mkulima. Alikuwa ametoa ngano na ng'ombe, akapokea karatasi. Toka mwaka 1759 Ufaransa iliacha kuzilipa. Mwaka 1764 iliamua kulipa nusu ya thamani ya karatasi za namna moja, na robo tu ya zile nyingine.

6. Mafundisho

Tunaona mambo matatu. Mamlaka bila jicho la pili huwa kiburi, kama miaka mitatu ya Frontenac. Mamlaka mawili bila mpaka wazi wala mwamuzi wa karibu huwa ugomvi, na watu wadogo hungoja mlangoni. Lakini mamlaka mawili yanayofunikiana makosa ni hatari kupita yote, kwani watu wanadhani kuna mlinzi, kumbe mlinzi ni rafiki wa mwizi.

Kanisa nalo linajua jambo hili. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inataka kila parokia iwe na baraza la mali (kanoni 537). Kiti cha Askofu kikiwa kitupu, inakataza msimamizi wa jimbo kuwa pia ekonomi wake (kanoni 423). Ndugu mseminari, siku moja utapewa parokia, na katekista ao mzee mmoja wa baraza atakuuliza: Padri, fedha za mabati zimekwenda wapi? Usimwone kuwa adui. Mfungulie daftari. Duchesneau alikuwa mgomvi, lakini wakulima wa Québec wangalipenda kuwa na mgomvi mmoja wa namna ile katika siku za Bigot.