Kinga ya umeme bila waya wa ardhi ni kazi bure

MVUA za kwanza katika Kata ya Ntalikwa, Manispaa ya Tabora, kwa kawaida huanza kati ya Oktoba na Novemba, baada ya kiangazi cha takriban miezi sita. Mvua hizo huandamana na radi, na msimu huo ndio wa hatari kubwa kwa luninga, redio na majokofu.

Wengi hudhani kinga ni kununua tu kile kifaa kidogo kinachochomekwa kati ya soketi na luninga. Kifaa hicho kina manufaa, lakini hakiwezi kutimiza kazi yake ipasavyo pasipo waya wa ardhi, ule unaotoka kwenye meni swichi na kuishia kwenye nondo ya shaba iliyochimbiwa nje ya nyumba.

Ndani ya kifaa hicho mna kipande kilichotengenezwa hasa kwa oksidi ya zinki. Umeme ukiwa wa kawaida, yaani volti 230, kipande hicho huuzuia usipite. Ukipanda ghafla, hufunguka papo hapo na kuielekeza nguvu ya ziada kwenye nyutro na ardhini. Njia ya ardhini ikiwa mbovu, nguvu hiyo hutafuta njia nyingine, na mara nyingi huipata kwenye waya wa antena.

Hapo ndipo Tabora ina tatizo lake. Udongo wa sehemu nyingi za Unyamwezi ni wa kichanga, na kichanga kikavu hakipitishi umeme vizuri. Nondo fupi iliyopimwa mwezi Machi ikaonekana nzuri, inaweza kuwa dhaifu mwezi Oktoba, radi zinapofika kabla ardhi haijalowa. Dawa ni nondo ndefu inayofikia udongo wenye unyevu, au nondo mbili tatu zilizounganishwa na kuachana kwa umbali usiopungua urefu wa nondo moja. Chumvi inayomwagwa shimoni husaidia kwa muda tu. Huoshwa na mvua, tena huila nondo yenyewe. Kazi hiyo, pamoja na kipimo chake, ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA, si ya kijana yeyote mwenye bisibisi.

Radi si adui pekee. Nyutro ikikatika au kulegea kwenye nguzo, nyumba zinazotumia njia tofauti za umeme hujikuta zimeunganishwa pamoja, na baadhi yake huweza kupata volti zinazokaribia 400. Kile kifaa kidogo hakitafua dafu, kwa sababu kimeundwa kwa mshtuko wa kufumba na kufumbua, nacho kitaungua. Kinachofaa hapo ni kifaa kinachokata umeme kabisa volti zikizidi au zikipungua mno. Kwa jokofu, kiwe kile kinachosubiri dakika chache umeme ukirudi, ili mgandamizo wa gesi ushuke kabla mota haijaanza tena. Stabilaiza nayo hurekebisha umeme unaopanda na kushuka taratibu, kama pale mashine ya kusaga inapowashwa jirani, lakini ni nzito mno kuiwahi radi.

Radi inayopiga nyumba au waya wa karibu hubeba umeme wa makumi ya maelfu ya ampea, na hakuna kifaa cha dukani kinachouzuia. Kuzima swichi hakutoshi: pengo ndani yake ni la milimita chache, nayo radi huliruka. Chomoa plagi, na waya wa antena pia, mapema. Ikiwa kati ya mwanga na ngurumo zinapita sekunde 30 au pungufu, radi iko umbali wa kilomita 10 hivi na muda wa kugusa nyaya umekwisha.

Mkwaruzo unaosikika redioni kwa kawaida hauunguzi kitu. Mara nyingi hutokana na chaja au taa za bei rahisi. Zichomoe moja moja hadi sauti itulie.

Vifaa vya kinga navyo huchakaa kila vinapomeza mshtuko. Kile chenye taa ya kuonyesha uzima kikizimika taa hiyo, bado kitapitisha umeme kama kawaida, ila hakikingi tena.