Istilahi za Moduli ya Udhibiti ya Kipanga Njia: Tatizo la "Kumbukumbu"

1.0 Utangulizi

Madhumuni ya makala hii ni kuchunguza istilahi za sehemu za moduli ya udhibiti ya kipanga njia, yaani mtambo unaoamua pakiti za data zipite wapi kutoka mtandao mmoja hadi mwingine. Mazingira ya mfano ni Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Kampasi yake kuu iko chini ya milima ya Uluguru, ilhali kampasi ya Solomon Mahlangu iko Mazimbu, upande mwingine wa mji. Mitandao ya mahali palipotengana hivyo huunganishwa kwa vipanga njia. Miongozo ya mitambo hiyo huandikwa kwa Kiingereza, lakini mafundi huelekezana kwa Kiswahili.

2.0 Sehemu na Kazi Zake

Istilahi "kipanga njia" imefuata kanuni iliyozaa kipaza sauti na kinasa sauti: kiambishi ki-, kitenzi, kisha nomino. Ndani ya moduli, prosesa hupokea taarifa za vipanga njia jirani na kukokotoa jedwali la njia. Pamoja nayo, kwa kawaida, zipo sehemu nne za kutunzia data:

(1) a. RAM: jedwali la njia na mipangilio inayotumika, umeme ukikatika, vyote hufutika.
b. NVRAM: mipangilio ya kuanzia, hubaki.
c. Flashi: mfumo endeshi, hubaki.
d. ROM: maelekezo ya kwanza ya kuamsha mtambo, hubaki.

Aidha, lipo lango la konsoli, ambalo fundi huunganishia kompyuta yake hata mtandao unapokuwa umekatika.

3.0 Tatizo la Kisemantiki

Sehemu zote nne huweza kuitwa "kumbukumbu". Neno hili, lililotokana na kukumbuka, katika matumizi ya kawaida hurejelea kinachobaki baada ya tukio kupita, kama vile kumbukumbu za mkutano. RAM ni kinyume chake. Chukua sentensi ifuatayo:

(2) Mipangilio imo katika kumbukumbu.

Fundi chipukizi akiisikia, ataamini kazi imekwisha. Ikiwa mipangilio haijanakiliwa katika NVRAM, umeme ukikatika usiku, asubuhi mtambo utaamka na mipangilio ya zamani, au bila mipangilio yoyote, na kampasi mbili hazitawasiliana.

Kuongeza kivumishi pekee hakutoshi, kwa kuwa katika mazungumzo kivumishi hudondoshwa kwanza. Tofauti inapaswa kubebwa na neno kuu lenyewe:

(3) a. RAM: kumbukumbu ya muda
b. NVRAM: hifadhi ya mipangilio
c. Flashi: hifadhi ya programu
d. ROM: hifadhi ya kuwashia

Hapo, hata kivumishi kikidondoshwa, "imo katika kumbukumbu" na "imo katika hifadhi" zitabaki kauli mbili tofauti.

4.0 Hitimisho

Uundaji wa istilahi usiishie katika kutafuta kisawe cha kila neno la kigeni. Uanze na kazi ya kifaa, kisha upime maana ambayo neno teule tayari linayo kwa wazungumzaji.