Changamoto ya Wiki Humfunza Anayesoma

Jumatatu asubuhi msimamizi wa kundi anaweka neno moja: ufunguo. Masharti yanajulikana. Hadithi isizidi maneno 100, iwe imefika kabla ya Jumapili saa mbili usiku, na mshindi ndiye atakayechagua neno la wiki inayofuata. Utaratibu wa namna hii, wenye tofauti ndogondogo, ndio unaoendesha makundi mengi ya waandishi wanaokutana kwa simu, wa hadithi na wa ushairi. Wapo wanaoubeza kuwa ni mchezo wa kupotezea muda. Nadhani wanakosea. Ila hata wanaoushabikia, wengi wao hawajui faida yake inatoka wapi.

Wengi hudhani inatoka kwenye mada. Ni kweli mada humtoa mtu kwenye usumbufu wa kutafuta pa kuanzia. Lakini mada hiyohiyo imewafikia wote, na wazo la kwanza huwa la wote pia. Taja ufunguo, na nusu ya kundi itakuletea ufunguo wa moyo au ufunguo wa mafanikio. Aliyezoea changamoto hizi huliacha wazo la kwanza lipite, na la pili, mpaka afike kwenye jambo linaloshikika: mpangaji aliyerudi usiku akakuta kufuli imebadilishwa, au kabati la marehemu ambalo hakuna anayethubutu kulifungua.

Penye kazi hasa ni kwenye kikomo. Hadithi ya maneno 100 kamili ilikuzwa Uingereza miaka ya 1980, na wapenzi wa hadithi za kubuni za kisayansi katika Chuo Kikuu cha Birmingham, waliolichukua jina lake, drabble, kutoka kitabu cha vichekesho cha kundi la Monty Python cha mwaka 1971. Ulikuwa mchezo, lakini mchezo wenye adhabu: neno la 101 linakutoa. Tuseme mtu ameanza hivi: “Mama Zuhura alikuwa mwanamke mzee sana ambaye alikuwa anaishi peke yake katika nyumba kubwa iliyokuwa karibu na bahari huko Tanga.” Hayo ni maneno 20. Moja ya tano ya hadithi imekwisha, ufunguo haujaonekana, na hakuna kilichotokea. Sasa aandike upya: “Kila jioni Bi Zuhura huutundika ufunguo pale alipozoea kuuchukua mwanawe.” Maneno 10. Uzee umeondoka, bahari imeondoka, hata Tanga imeondoka, lakini tunajua anaishi bila mwanawe, tunajua anamngoja, na “alipozoea” inatutia wasiwasi kuwa mwana huyo harudi leo wala kesho. Hakuna mwalimu aliyemwambia aache kueleza aanze kuonyesha. Hesabu ndiyo iliyomlazimisha.

Hapa pana jambo ambalo makundi ya Kiswahili yanapaswa kulifikiria. Kikomo cha maneno 100 tumekipokea kama kilivyo, kutoka Kiingereza, lugha inayoandika kama maneno mbalimbali mengi ya yale tunayoyabeba kwa viambishi. Kwetu “hawakumrudishia” ni neno moja, na ndani yake mna watendaji, mtendewa, wakati na kukanusha. Kwa hiyo maneno 100 ya Kiswahili yana nafasi kubwa kuliko inavyodhaniwa, na kundi linalotaka ubanaji wa kweli lingeweza kushuka hadi 70 bila kumwonea mtu. Washairi wetu walikwishalitatua tatizo hili zamani kwa kupima silabi. Mshororo wa shairi la kawaida una mizani 16, nane kila kipande: “Ufunguo umebaki, mwenyewe hajarejea.” Urefu wa neno haukupi ahueni yoyote katika kipimo hicho. Wanaosema masharti huua ubunifu wakumbuke kuwa mshairi Abdilatif Abdalla alitunga mashairi ya diwani yake, Sauti ya Dhiki, gerezani Kenya, kati ya 1969 na 1972, kwa vina na mizani, wakati ambapo hata karatasi ya kuandikia ilikuwa shida.

Bado sijafika penye faida kubwa, nayo ni kusoma. Washairi wetu walisomana ili wajibizane. Mshairi Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alirushiana tungo na washairi wa Lamu wakati miji hiyo miwili ilipokuwa ikigombana. Karne iliyofuata, magazeti kama Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, yaliwapa washairi ukurasa, na Shaaban Robert ni mmoja wa waliochapisha humo. Katika desturi ya majibizano, anayejibu kwa kawaida huifuata bahari, yaani muundo wa shairi, ya mwenzake, na mara nyingi huvishika hata vina vyake. Huwezi kulijibu shairi ambalo umelipitia juujuu. Lazima ujue limejengwaje, fumbo limefichwa ubeti wa ngapi, na kituo kinabeba nini. Huyo anayejibu, hata akishindwa, amekwishasoma kwa namna ambayo hakuna darasa lingemfanya asome.

Changamoto nyingi za leo zimekichukua kikomo na tarehe ya mwisho, zikaacha kusomana na kujibizana. Kila mtu anabandika yake, anapokea “Hongera sana, kazi nzuri” na maua matatu, kisha anasubiri Jumatatu. Pongezi zinatia moyo, sikatai, na mwandishi mchanga anazihitaji. Lakini hazimwambii lolote kuhusu hadithi yake. Maoni yenye kumsaidia ni yale yanayomwonyesha mwandishi ni wapi msomaji alipita: “Nilipofika sentensi ya tatu nilidhani mtoto amekufa. Ulikusudia hivyo?” Swali la namna hiyo humpa mwandishi kitu asichoweza kujipatia peke yake, yaani kuliona andiko lake kwa jicho la mtu asiyejua alichokuwa anawaza. Na aliyeuliza amejifunza zaidi, kwa sababu imembidi aitafute sentensi iliyompoteza.

Ushindi nao usipewe uzito kupita kiasi. Kura hufuata urafiki, na aliyewasilisha mapema husomwa na wengi kuliko aliyeingia dakika ya mwisho. Makundi makini huficha majina mpaka kura zihesabiwe. Tena kuna tabia inayomea kwa anayeshindana kila wiki: hujifunza mwisho wa kushtua, kwa kuwa ndio unaopigiwa kura, akaurudia hadi wasomaji wakawa wanaubashiri tangu mstari wa pili. Riwaya haiandikwi hivyo. Inataka mtu akae na mhusika mmoja miezi mingi, siku nyingine bila mtu wa kumsifu. Mwenye nia ya riwaya aingie kwenye changamoto kwa majira, atoke akaandike, arudi akitaka.

Tahadhari moja ya kikazi: tuzo na majarida mengi hutaka kazi ambayo haijachapishwa popote, na baadhi yao huhesabu kuwa kilichobandikwa hadharani kimekwishachapishwa. Hadithi unayoiona ina uzima wa kufika mbali, isomwe ndani ya kundi lililofungwa tu, au ibaki kwako.

Ninawaomba wasimamizi wa makundi wabadilishe sharti moja tu: asiyetoa maoni kwa kazi mbili za wenzake, ya kwake isiingie kwenye kura. Wanakundi watalalamika wiki ya kwanza, na wengine watajitoa. Watakaobaki wanatosha. Na wewe ambaye huna kundi, tafuta watu wanne wanaopenda kusoma, chagueni kitu kimoja kilichomo jikoni mwenu kiwe mada, maneno yasizidi 70 au beti zisizidi tatu, na Jumapili jioni kila mmoja awe ameandika yake na amesoma za wote.